Sindano na Mistari Elfu Tisa

Mwanamke huyu walimwita Sindano, na si kwa sababu ya wembamba, ingawa wembamba alikuwa nao wa kugawia majirani. Walimwita hivyo kwa ajili ya maneno yake. Akikuchoma asubuhi husikii. Unacheka naye, unapanda ngazi, unakunywa chai, na mchana umekaa zako ndipo unaruka kitini: kumbe damu inatoka tangu saa mbili.

Kazi yake ilikuwa kuwaandikia maneno watu wa kwenye magemu ya kompyuta. Wako watu wazima na ndevu zao wanaodhani yule askari wa kwenye skrini anayesema "Simama hapo!" alizaliwa anajua kusema. Wapi! Kuna mtu alikaa mpaka kiti kikashika umbo lake, akawaza askari yule ameamkaje, viatu vinambana au havimbani, mkewe amemnunia au la, ndipo akampa la kusema. Mtu huyo alikuwa Sindano, miaka kumi na mmoja, ghorofa ya tatu, dawati la pembeni karibu na mashine ya kuchapa iliyokohoa kuliko mgonjwa wa pumu.

Mashujaa hakuwaandika yeye. Waliandikwa na mkuu wa waandishi, aliyeitwa Profesa kwa sababu ya miwani. Miwani yenyewe ilikuwa vioo vitupu, na bwana mwenyewe hajawahi kufundisha hata kasuku. Shujaa wa Profesa alikuwa akipanda juu ya jiwe anahutubia dakika nne nzima habari za upanga na uhuru, na wachezaji dunia nzima wanabonyeza kile kitufe cha kumruka. Sindano aliandika watu wadogo: walinzi wa lango, wauza vitunguu, wachota maji, wazee wanaolalamikia miguu yao. Mtu ana mistari sita tu maisha yake yote, lakini wachezaji walikuwa wanarudi nyuma makusudi, wanaacha vita vinawaka, wakamsikilize muuza vitunguu. Maneno yake waliyachapisha kwenye fulana. Ya shujaa hayakuchapishwa hata kwenye leso.

Jambo hilo lilimkaa Profesa kooni kama mwiba wa samaki.

Na maneno hayo Sindano aliyatoa wapi? Kwa shangazi yake. Alilelewa na Shangazi, fundi cherehani aliyeshonea chumba cha mbele, na ulimi wake ulikata kitambaa bila mkasi. Alipokasirika, chai kikombeni ilikuwa inapoa yenyewe kwa woga. Mteja akija kulalamika gauni linabana, Shangazi hanyanyui hata macho. "Gauni halijabana. Wewe ndiye umeongezeka bila kutoa taarifa." Mwingine akitaka kiuno chake cha zamani, anaambiwa, "Kilete, nitakishonea." Chini ya meza ya kukatia, kasichana kembamba kalikuwa kamekaa. Wenzake waliokota vifungo, kenyewe kaliokota maneno.

Basi alipokuwa mwandishi aliandika kwa namna yake. Kila mstari ulikwenda kwenye faili na namba yake, na maelekezo ya mwigizaji wa sauti yalitakiwa yakae pembeni, kwenye safu yake. Sindano hakuitaka hiyo safu. Aliyaandika maelekezo palepale mwishoni mwa mstari, kwa pumzi moja, kwa kuwa waigizaji walimwambia macho yao yanachoka kurukaruka. Mstari unakwisha, maelekezo yanaanza, na pa kutenganisha alipajua yeye na waigizaji wake tu. Humo aliwaambia mstari usemwe vipi, Shangazi alimwambia nani, siku gani, akiwa na pini mdomoni au hana. Akiudhika kazini, aliandika na hilo. Sauti zikisharekodiwa, alikaa siku kumi akiyafuta maelekezo kwa mkono, moja moja. Kwa utaratibu, Profesa alipaswa kusoma kila mstari kabla ya kutia sahihi. Sahihi alitia. Kusoma, tuyaache hayo.

Halafu ukaja mwaka wa fagio. Kila kampuni ya magemu uliyoisikia ilikuwa inafukuza watu. Asubuhi umesalimiana na mtu kwenye lifti, mchana kitini pake pamewekwa mtungi wa maji. Wajaribu gemu, wale wanaocheza kutwa wakitafuta makosa, waliondolewa ghorofa nzima kwa barua moja, tena barua ya kampuni nyingine, walisahau kubadilisha jina juu. Waigizaji wa sauti wakafuata. Ikaletwa akili bandia ya kuandika na nyingine ya kusoma kwa sauti. Chumba cha sauti kilichokuwa na watu sita kikabaki na Fundi Sauti peke yake, anasalimiana na nyaya. Mwisho Mkurugenzi akatangaza kwamba waandishi nao watapunguzwa, atabaki mmoja.

Walikuwa wawili.

Profesa hakungoja kesho. Ijumaa, kabla ya chakula cha mchana, alibandika waraka mrefu kwenye ukurasa wa wachezaji mtandaoni. Akaanza kwa masikitiko makubwa, maana waongo wote huanza kwa masikitiko makubwa. Alisema amegundua kuwa mistari elfu tisa ya gemu jipya haikuandikwa na binadamu, iliandikwa na mashine, na mwenzake akaipeleka kama jasho lake. Na kwamba yeye, kwa mapenzi aliyonayo kwa wachezaji, ameisoma yote na kuiandika upya kwa mkono, mmoja mmoja, mpaka vidole vikaota sugu. Jina hakulitaja. Alisema tu "mwandishi wa watu wadogo", kama mtu anayekwambia simtaji jirani yangu, ila ni yule wa mlango wa kijani, mwenye chongo, anayefuga bata.

Wachezaji walimtambua kabla hawajamaliza kusoma. Matusi yakamiminika mpaka simu ya Sindano ikapata moto, jioni ile Shangazi akaichukua akapigia pasi upindo wa suruali. Saa tisa alasiri Sindano alikuwa nje ya jengo na boksi lake la vikombe. Kampuni ya upande wa pili wa mji, iliyokuwa ikimbembeleza tangu enzi, ikamwandikia: tunakuheshimu sana dada, ila ulisafishe jina kwanza. Ya pili ikasema vilevile. Ya tatu haikujibu kabisa. Hapo akaelewa. Kazi hupotea na kupatikana, lakini mwandishi aliyeitwa mwizi wa maneno ya mashine hapewi kuandika hata kibao cha choo. Bila jina lake, amekwisha.

Akaketi kwenye kiti cha wateja, akalia.

"Umeiba?" Shangazi aliuliza, mguu bado uko kwenye cherehani.

"Sijaiba, Shangazi."

"Umelala kazini?"

"Sijalala."

"Sasa mbona unalia wewe? Wa kulia si yule?"

"Yule yuko juu. Watu wanamshangilia."

"Afadhali akae hukohuko juu, mwanangu. Aliye chini ukimwangusha ataumia wapi?" Akakata uzi kwa meno. "Futa machozi. Na si kwa kitambaa hicho, ni cha mteja."

Akafuta kwa kitambaa hichohicho. Kuanzia siku ile hakulia tena, alipanga. Wiki tatu nzima akipika sufuriani mna kisasi, akipiga deki chini ya fagio mna kisasi. Aliwaza kumwekea Profesa upupu kwenye ile miwani. Aliwaza kwenda kusimama mlangoni kwake akimwita kwa jina la utotoni alilolificha. Aliandika barua za kumjibu kumi na nne, zote kali, ya tisa ilikuwa kali hivi kwamba karatasi ilijikunja yenyewe pembeni. Akazichana. Nani angeamini barua ya mtu aliyeitwa mashine?

Wiki ya nne Fundi Sauti akapiga simu. Alikuwa mtu mpole, sauti ya chini, wa kukuomba radhi ukimkanyaga wewe.

"Sindano, samahani kukusumbua. Hizi faili zako zina mambo."

"Mambo gani?"

"Nimeipa mashine isome. Imesoma elfu tisa kwa siku mbili. Sasa nimefungua mmoja tu, nijaribu spika. Mlinzi anasema lake, halafu anaendelea kusema... kusema namna ya kulisema."

Sindano alikuwa anamenya kiazi. Kisu kikasimama. Akaona mbele yake elfu tisa zile, na maelekezo yake yote humo, ya miezi kumi na minane, hakupata hata siku moja ya kuyafuta. Akakumbuka na yale mengine aliyoandika, ya siku za kuudhika.

"Nisafishe?" aliuliza Fundi Sauti.

"Umeagizwa usafishe?"

"Nimeagizwa nisiguse kitu. Profesa ameniletea kwa maandishi. Amesema ameshausoma kila mstari kwa macho yake, na atakayegusa atafuata wenzake."

Hapo ndipo palipokuwa na njia mbili, na Sindano aliziona zote. Neno moja tu lingetosha: mwambie Mkurugenzi. Gemu lingepona, Fundi Sauti angelala usingizi, na Profesa angepanda jukwaani msafi kama sahani. Akakitazama kiazi, akakitoa jicho.

"Basi usiguse, kaka. Waheshimu wakubwa zako. Ile barua yake unayo?"

"Ninayo."

"Itunze pazuri." Akaendelea kumenya. Siku hiyo viazi vilimenywa vya watu thelathini, na nyumbani wako wawili.

Uzinduzi ulifanyika Jumamosi saa nne asubuhi, ukumbi wa maonyesho, viti vya plastiki elfu mbili na skrini pana kama uwanja. Spika zilikuwa kubwa kama makabati. Sindano alimpeleka Shangazi, wakakaa safu ya nyuma kabisa. Shangazi hakujua chochote cha magemu, alijua tu mpwa wake aliandika "vile vitu vya watoto". Alikuja na sweta analolifuma, asije akapoteza asubuhi bure.

Mkurugenzi alikaa safu ya mbele na wageni wa heshima. Profesa akapanda jukwaani na koti jipya, lebo bado inaning'inia mkononi.

"Koti la huyo halikushonwa, limegandishwa," Shangazi akasema. "Ndiye?"

"Ndiye."

"Ana shingo ya kuomba samahani. Haya, tuone."

Profesa akashika maiki. "Ndugu wachezaji," akasema, "kila neno mtakalolisikia leo limepita kwenye vidole hivi kumi." Akavinyanyua. Watu wakapiga makofi. Akakaa, akaanza kucheza mwenyewe mbele ya umma wote.

Shujaa akafika lango la mji. Mlinzi akainua mkuki, na ile sauti ya mashine, nzuri, safi, kama ya kutangaza treni, ikasema:

"Simama. Una sura ya mtu asiyesubiriwa popote. Sema kama Shangazi akimwona mteja anayerudisha suruali aliyokwisha kuivaa. Usipige kelele, dharau tu inatosha."

Watu wakacheka, wakadhani ni utani wa makusudi. Profesa naye akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyaga kitu laini gizani. Akamsukuma shujaa aende sokoni upesi. Muuza vitunguu, yule yule wa kwenye fulana, akageuka.

"Usivinuse vitunguu vyangu kama vimekukosea. Mstari huu Profesa aliukata Jumanne, akasema hauna maana. Alhamisi akauleta kikaoni, akasema ameuota. Usome kwa majivuno, kama Profesa akisoma kitu asichokiandika."

Ukumbi ukanyamaza. Unajua kimya cha watu elfu mbili? Kilisikika mpaka barabarani, madereva wakapunguza mwendo. Profesa akabonyeza kitufe cha kuruka. Lakini watu wadogo hawana kitufe cha kuruka, maana hakuna aliyewahi kutaka kuwaruka. Akatoa jasho, kidole kikakosea, shujaa akajigonga kwa mzee aliyekaa kizingitini anakanda miguu.

"Miguu hii ina akili kuliko wakubwa wenu wote," mzee akasema kwa ile sauti ya treni. "Wapendwa waigizaji, msiogope, huu hausomi mtu. Profesa hasomi wowote, anatia sahihi tu. Nikiandika hapa kwamba Profesa ni mbuzi, atatia sahihi. Profesa ni mbuzi."

Mtu mmoja katikati ya ukumbi akauliza kwa sauti, taratibu kabisa, "Profesa, na huo umeuandika upya kwa mkono?"

Kicheko kilichofuata, taa tatu zilipasuka. Mgeni wa heshima mmoja alianguka na kiti chake, akaendelea kucheka akiwa chini. Na katikati ya zogo Shangazi akasimama na sweta lake.

"Hebu ngojeni! Hilo la suruali nimelisema mimi! Nilimwambia mwalimu wa hesabu, mbele ya huyu mtoto, nikiwa na pini mdomoni! Nani kasema mashine? Mashine inajua kushona?"

Watu wakageuka. Wakamwona Shangazi, wakamwona na Sindano pembeni yake, mikono imekunjwa, hacheki, macho yamekaa kwa Profesa tu kama paka aliyeona mlango wa jiko uko wazi. Profesa naye akamwona. Sindano akampungia vidole, kumi vyote.

Kufikia jioni ule waraka wa masikitiko makubwa ulikuwa umefutwa, na waliotukana wakaanza kuomba radhi kwa wingi uleule. Sindano hakumjibu hata mmoja. Alisema radhi ya mtu anayefuata mkumbo haina uzito hata wa kuzuia karatasi isipeperuke.

Jumatatu Mkurugenzi alipiga mwenyewe. Akamkaribisha ofisini, akamvutia kiti, jambo ambalo miaka kumi na mmoja hakulifanya.

"Dada, gemu linaingia sokoni baada ya wiki tano. Tumejaribu kuifanya mashine iyaondoe hayo maelekezo. Imeondoa mistari, imeacha maelekezo. Sasa mlinzi ananyamaza, halafu anasema 'dharau tu inatosha'. Hakuna anayejua mstari unaishia wapi ila wewe."

"Ninajua."

"Basi rudi. Sema unachotaka."

"Kwanza, kampuni iandike palepale alipoandika yeye, kwa urefu uleule, kwamba nilisingiziwa. Pili, jina langu liwe la kwanza kwenye orodha ya waandishi."

"Tutafanya leo hii."

"Tatu, Profesa aje anisomee. Mistari yote elfu tisa, kwa sauti, na maelekezo yake. Mimi nitasikiliza nikifuta."

Mkurugenzi akakuna kidevu. "Kukusomea si hata mashine inaweza?"

"Mashine haina aibu, Mkurugenzi."

Profesa angeweza kukataa. Lakini huko nje fagio bado lilikuwa linapita, hakuna kampuni iliyomtaka mtu aliyeitwa mbuzi na kazi yake mwenyewe, na mkataba wake ulibakiza miezi miwili. Akaja.

Waliwekwa katika chumba cha sauti cha zamani, kidogo, kimebandikwa sponji ukutani, kisicho na dirisha. Meza moja, viti viwili. Saa mbili asubuhi mpaka saa kumi, mistari mia tatu kwa siku. Asubuhi ya kwanza Profesa alisoma kwa haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu.

"Rudia," Sindano akasema. "Hujaitoa vizuri. Maelekezo yanasema majivuno."

Akarudia.

"Hayo ni maumivu ya tumbo, kaka. Nimesema majivuno. Huyajui?"

Akarudia mara saba. Nje ya mlango Fundi Sauti alikuwa na kazi nyingi ghafla, zote za karibu na ule mlango. Na kuna kitu kilimuudhi sana Sindano, hakumwambia mtu: Profesa alikuwa na sauti nzuri. Kufikia siku ya tatu wale walinzi na wachota maji walikuwa wanaishi mdomoni mwake, na mara moja, kwenye mstari wa mama anayemwita mwanawe ambaye haji, alisoma hivi kwamba Sindano alisahau kufuta. Akajikaza kisabuni. Akafuta.

Siku ya sita wakafika kwenye mistari ya wiki ile Profesa alipomnyima likizo aliyoiomba akamuuguze Shangazi. Hapo maelekezo yalikuwa marefu. Profesa akasoma namba, akasoma mstari, akaanza maelekezo, na katikati akaacha. Akavua miwani. Macho yake bila vile vioo yalikuwa madogo, ya kawaida tu, mekundu pembeni.

"Sindano," akasema, "dada yangu. Nilikukosea. Niliogopa kufukuzwa nikakuuza wewe. Naomba..."

Sindano akaitazama skrini yake. Akapandisha kidole, akafuata namba ile kutoka kushoto mpaka kulia, polepole, kama mtu anayetafuta kitu kwa nia njema kabisa.

"Hilo halimo," akasema. "Soma kilichoandikwa."

Profesa akavaa miwani, akakohoa, akasoma.